Mwongozo wa Mgeni Anayechuma Mboga Mangateen

Mvua za Aprili zimeanza Juba, na kiwanja cha Mangateen kilichokuwa vumbi tupu sasa kimejaa majani. Usimsumbue mama yeyote anayechuma. Simu unayo. Piga picha ya jani moja lililochanika, ukiwa mbali kidogo, kisha uamini jina la kwanza litakalotokea kwenye skrini.

Umbo la jani linatosha, usiende mbele ya hapo. Ukiona vijani vitano vimetoka kwenye kikonyo kimoja, tangaza kwa sauti kwamba umegundua bangi, askari naye apate kusikia. Kweli, kijani cha bangi kina meno ya msumeno ukingoni, na hiki ulichoshika hakina. Shina lake lina vinyweleo vinavyonata, na ua jeupe limechomoza nyuzi ndefu. Ni mgagani, ambao Waacholi huuita akeyo, na jirani ameshaupika kwa karanga za kusaga. Lakini nyuzi za maua ni kazi ya wenye subira.

Mlenda, uitwao khudra sokoni, nao una ukaidi wake. Pale jani linapokutana na kikonyo, meno mawili ya mwisho yamerefuka yakawa vijimkia vyembamba. Kuviona ni lazima uiname. Achana navyo.

Mgeni hung'ara zaidi kwenye mnanaha. Mmea huu ukiwa mchanga una majani mapana na laini ambayo macho yenye njaa huyaita mchicha. Usiliponde jani ukanusa, maana harufu yake mbaya itakuvuruga. Usikague kitako chake, ambacho upande mmoja hushuka kuliko mwingine. Usingoje ua lile kubwa la tarumbeta linalofunguka jioni, wala tunda lenye miiba pande zote. Mchicha wenyewe hutoa vijiua visivyo na petali, vimesongamana kwenye shuke, tofauti kama usiku na mchana. Ila ukingoja maua utakula saa ngapi? Ukishakula, mmea utajitambulisha wenyewe: kinywa kikavu, mboni zimepanuka, moyo mbio, na mazungumzo marefu na watu wasiokuwepo.

(Hapa mzaha ukae pembeni kidogo. Mwaka 2019, Karamoja, Uganda, unga wa msaada ulioingiliwa na sumu za mmea wa aina hii uliua watu 5 na kuwafanya mamia waugue.)

Wapo watakaokushauri umfuate mbuzi: anachokula, nawe kula. Ushauri mzuri kwa mwenye tumbo la mbuzi. Na ukivunja shina likatoka utomvu mweupe mzito, kama ule wa mmea uitwao ushari, wenye majani manene ya kijivu, sema ni dalili ya lishe, kisha ujifute jicho kwa mkono uleule.

Ukirudi na furushi, mama wa jirani atalimwaga chini, atapekua, atatupa karibu nusu. Nung'unika kidogo. Ila usimwulize kwa nini ametupa. Atakuonyesha jani kwa jani, na mwongozo huu utakosa wasomaji.