Namna ya Kwenda Butiama na Kurudi Vilevile

Kwanza chagua siku. Tarehe 14 Oktoba ndiyo yenyewe: Mwalimu Nyerere alifariki London siku hiyo mwaka 1999, nchi nzima iko mapumzikoni, na wapiga picha wamekwisha kufika. Kwenda Mwitongo Jumanne moja ya mwezi Machi, bila hata kamera moja, ni kama hukwenda. Utajikuta wewe na kaburi tu, na mtu aliyeachwa na kaburi huweza kuanza kufikiri.

Usafiri ni shangingi. Ukitoka Mwanza unapita Bunda, unakata kulia Makutano, hao Butiama. Njiani hakosi mtu wa kukusimulia kwamba mwaka 1934 Kambarage, mtoto wa miaka 12, alitoka huku kwenda kuanza shule Mwisenge, Musoma, yapata kilomita 40. Itikia "aisee", kisha mwombe dereva aongeze kiyoyozi.

Vaa shati la kitenge lenye sura ya Mwalimu, lakini zungumza na fundi mapema: sura ikae kifuani, isishuke tumboni. Nilimwona mheshimiwa mmoja ambaye kila alipocheka, Baba wa Taifa alikunja uso.

Ndani ya makumbusho usizubae kwenye zawadi. Ni vitu alivyopewa akiwa madarakani, na sasa kila mwenye kiingilio anavitazama. Katika msafara wetu kuna aliyeuliza, kwa uchungu wa kweli, kwa nini mzee hakuvibeba akavipeleka nyumbani. "Nyumbani ni hapo juu tu, mkuu," mwongozaji akamjibu. Tukasogea kwenye chumba kingine.

Mwongozaji akigusia Azimio la Arusha, muulize choo kiko wapi. Azimio hilo la Februari 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba, na si mambo ya kusomewa mtu aliyetoka safari ndefu. Akisisitiza, mkumbushe kwamba miiko hiyo ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Mkumbushe kwa sauti ya chini; mwenyewe amelala jirani.

Vitabu navyo vina mitego. Utaambiwa kwamba alimtafsiri Shakespeare, na kwamba *Julius Caezar* alimtoa kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais. Sifia Kiswahili chake, basi. Usiulize hadithi inahusu nini, kwa kuwa utajibiwa kwamba kuna mkubwa anasifiwa mazishini na mtu yuleyule aliyemchoma kisu, na wewe shada la maua unalo mkononi.

Kaburini vua miwani ya jua, fumbata mikono mbele, inamisha kichwa kidogo. Kidogo tu, picha isitoe upara. Dakika moja na nusu inatosha. Ukiombwa neno, iga sauti yake. Hakuna mwanamume wa Kitanzania aliyevuka miaka arobaini asiyejua kuiga sauti ya Mwalimu, na watu watacheka kwa upendo. Ila chagua cha kuigiza. Umoja hauna tatizo, amani pia. Aliyoyasema kuhusu rushwa na wanaokimbilia Ikulu waachie redio, wao wana kanda zake.

Sasa kuna neno moja ambalo ukiwa Butiama ulimi usiteleze ukalitaja: kung'atuka. Ni neno la Kizanaki, la hapahapa kijijini. Mwalimu ndiye aliyelieneza nchi nzima alipoachia urais mwaka 1985, akarudi huku kulima, kusali misa na kucheza bao. Wenyeji wanalitamka bila shida yoyote. Mimi nimewasikiliza wageni wengi wakijaribu, hasa wale waliokaa kwenye kiti chao vipindi vinne, na nadhani tatizo ni ile ng'. Inawakwama kooni. Wengine hukohoa, wengine husema "kustaafu kwa heshima", halafu hutazama saa.

Kitabu cha wageni ndicho cha mwisho. Andika "Tutakuenzi daima" kisha saini kwa mkono mkubwa. Kuenzi ni kitenzi kizuri sana, hakimdai mtu chochote. Usifungue kurasa za nyuma kusoma wenzako waliandika nini, utakuta ni hivyohivyo na utajiona huna jipya. Ipo hatari vilevile ya kukuta saini yako mwenyewe ya mwaka jana.

Jioni mkirudi Musoma, kabla ya sato hajaletwa mezani, jaza fomu ya posho. Tuliondoka asubuhi, tukarudi kabla ya magharibi. Mhasibu aliandika siku tatu, akatuangalia mmoja mmoja, na hakuna aliyemsahihisha.