Mzee wa Kujifunza, Kijana wa Kubeba

Brazil imewapa watu wa kusini mwa Tanzania vitu vitatu, na vyote vitatu vinakula mgongo. Cha kwanza muhogo. Cha pili mkorosho: Wareno waliutoa huko karne ya 16, wakaupanda pwani ya Msumbiji, nao ukasambaa mpaka ukatufikia. Cha tatu kimeingia Nanganga juzijuzi tu, kimeshuka kwenye basi la Dar es Salaam ndani ya begi la mpwa wangu: jujitsu. Muhogo nalima nimeinama, korosho naokota nimeinama. Jujitsu hainitaki hata kuinama, maana muda wote niko chini, chali, na kijana wa watu amenikalia kifuani.

Kwa ambao hawajaiona, msije mkadhani ni karate. Karate tunaijua. Mmarekani Nantambu Camara Bomani alianza kufundisha Goju-Ryu Dar es Salaam mwaka 1973, na sisi wa huku tuliokosa nauli tukaimalizia kwenye vibanda vya video, kisha tukarusha mateke hewani njia nzima ya kurudi nyumbani. Jujitsu ya Brazil haina teke wala ngumi. Mnashikana, mnaangushana, mkifika chini ndiyo kazi inaanza: unamkunja mwenzako mkono au unampiga kabali mpaka agonge kwa kiganja kuashiria kwamba yametosha. Akigonga unamwachia, mnapeana mkono, mnaanza upya. Vijana wanaita burudani.

Historia yake nimeikariri, kwa sababu mpwa wangu hunisimulia kila anapoona natafuta ndala zangu ili niondoke. Mjapani Mitsuyo Maeda, bingwa wa judo, alifika Brazil mwaka 1914. Akamfundisha kijana mmoja aitwaye Carlos Gracie, na mdogo wake Carlos, Hélio, akaja kuwa maarufu kuliko wote. Huyo Hélio, husimulia mpwa wangu, alikuwa mwembamba, hana nguvu, ndiyo maana akategemea mbinu kuliko misuli. Mwaka 1993 mwanawe, Royce, akaingia ulingoni Denver, Marekani, kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, akawagongesha watu waliomzidi maumbo. "Unaona, mjomba? Si suala la nguvu." Naona. Ninachokiona zaidi ni kwamba Royce siku hiyo alikuwa na miaka 26, na mimi hamsini nimeshaiaga.

Ukumbi wetu uko uani kwa dada yangu. Chini tumemwaga pumba za mpunga kutoka mashineni, juu yake tumetandaza maturubai mawili ya kuanikia korosho, pembeni tumeyabana kwa matofali ya kuchoma ambayo kila mmoja wetu ameshayapiga kwa kisigino. Kuku wa dada wanazunguka pembezoni wakidonoa, na jogoo mmoja ana tabia ya kuja kunitazama usoni hasa pale ninapokosa hewa. Vazi langu nililipata kwenye mitumba Masasi, koti zito la judo lenye jina la mtoto wa Kizungu limetariziwa mgongoni. Mkanda ni mweupe. Angalau ulikuwa mweupe. Baada ya mweupe unakuja wa bluu, wa zambarau, wa kahawia, halafu mweusi, na watu husota miaka kumi mpaka kuufikia. Vumbi la kwetu halina subira hiyo. Limeshanipandisha mpaka kahawia bila mtihani, bila cheti na bila ada.

Lakini kinachoniumiza kuliko magoti ni itifaki. Huku kwetu, uwe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, mjomba ni mtu mzito. Ukoo tangu asili tumeufuata kwa mama, kwa hiyo mtoto wa dada ni wangu kabla hajawa wa baba yake. Neno la jando lilikuwa la mjomba, la posa la mjomba, la ugomvi la mjomba. Mjomba wangu mimi nilikuwa sikai naye mkeka mmoja. Sasa fikirieni jioni ya Jumanne. Mpwa wangu, ambaye mchana ni fundi simu pale njia panda ya Ruangwa, anavua viatu, anainamisha kichwa kwa adabu zote alizofundishwa na dada yangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Kabla "mwanangu" haijaisha, mkono wake wa kulia umeshaingia ndani ya ukosi wangu, vidole vinne ndani, dole gumba nje. Wa kushoto unafuata chini yake. Viwiko anavibana, kichwa anakilaza karibu na sikio langu, wala hatumii nguvu, anapumua taratibu tu. Mimi ndiye ninayekoroma macho wazi. Shingo inapata joto, masikio yanaanza kuvuma, jogoo anasogea.

"Gonga, mjomba."

Nagonga. Ananiachia, ananipangusa pumba mabegani kwa heshima. "Pole, mjomba. Tena?"

Wenzetu wengine ni madereva wa bodaboda. Hao mchana kutwa wako juu ya pikipiki kati ya Nanganga na Ndanda, viuno vimekuwa vyuma. Nao wananiamkia vizuri sana kabla ya kunilalia. Nimejifunza kuogopa shikamoo.

Sasa nije kwenye malalamiko yenyewe. Tangu habari zienee kwamba nafanya mazoezi na vijana, kijiwe kizima pale barabarani kimegeuka kuwa daktari wangu. Mmoja ananiambia mifupa ya umri huu haiungi. Wa pili ananikumbusha nina wajukuu. Wa tatu, mtani wangu, ameniahidi sanda. Mke wangu naye, akinichua mgongo kwa dawa ya kuchua usiku, ana swali lake moja: "Mtu mzima na heshima zako, unalaliwa na mtoto wa wifi yangu mbele ya kuku. Ndiyo nini?" Sina jibu, hasa kwa kuwa uso wangu unakuwa umezama kwenye mto.

Yote hayo ningeyapokea kama umri wangu ungekuwa umri muda wote. Lakini umri wangu una saa zake za kazi! Ikifika Oktoba na korosho zimeanza kudondoka, hakuna anayeniita mzee. Gunia la kilo 80 likitakiwa kutoka uani kwenda kwenye gari la kupeleka ghalani, utasikia: "Aa, wewe bado kijana, shika huko." Msiba ukitokea Newala, mimi ndiye wa kwanza kutajwa kwenye orodha ya kupanda huko juu kushika sururu. Daktari wangu wa kwanza, yule wa mifupa isiyounga, ndiye aliyeniazima nikampulizie salfa mikorosho yake, mashine mgongoni inanguruma, pua imefungwa kitambaa, tangu alfajiri umande haujakauka. Siku hiyo hakuulizia mifupa. Aliulizia kama nimemaliza upande wa bondeni.

Nikauchunguza mwili wangu nione mpaka uko wapi. Nimegundua kwamba kwa kubeba mimi ni kijana, kwa kuchimba ni kijana, kwa kuchangia harusi ni kijana mwenye uwezo. Uzee unanishika tu pale ninapotaka kujifunza kitu ambacho hakimfaidii mtu mwingine. Jirani mmoja alitaka kujifunza kucharaza gitaa, wakamwambia hivyohivyo. Mama mmoja hapa alitaka kurudi darasani, naye wakamhesabia miaka. Hakuna aliyewahi kumwambia mama huyo kwamba ni mzee mno kubeba ndoo ya maji kichwani.

Mpwa wangu ana dawa yake ya kunitia moyo. Anasema chama cha kimataifa cha mchezo huu, IBJJF, kimetupangia watu wazima makundi yetu ya mashindano, la kwanza linaanzia miaka 30 na la mwisho 61, kwa hiyo sitapangiwa mtoto. Hunisimulia pia habari za Anthony Bourdain, yule mpishi wa Marekani aliyezunguka dunia akila mbele ya kamera. Alianza jujitsu akiwa na miaka 58, na mwaka 2016 akanyakua dhahabu New York kwenye kundi la rika lake, mkanda wa bluu. Nampongeza marehemu. Lakini nina maswali. Je, alfajiri ya siku ya mashindano kuna aliyemgongea mlango akitaka aje asaidie kupakia magunia?

Tena kwangu makundi hayo ni hadithi. Hata mkanda, kwa desturi ya mchezo huu, hutolewa na mwenye mkanda mweusi, na mpwa wangu ana wa bluu tu. Wa kunipandisha cheo yuko zaidi ya kilometa 500 kutoka hapa. Msimu wa korosho ukifika dada anachukua maturubai yake, nasi tunabaki tumesimama juu ya pumba. Ramadhani tunacheza baada ya futari, na mtu aliyekwisha kunywa uji wa pilipili manga na kula muhogo wa nazi, halafu akakaliwa tumboni, huyo namwachia Mungu amhesabie thawabu.

Kwa nini basi siachi? Watu wanadhani nina moyo wa chuma. Sina. Nilichonacho ni mazoea ya mkulima wa korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze msimu wa 2007/2008, nimesomeshwa kusubiri: umepeleka mzigo, una karatasi mkononi, mnada umepita, pesa haijaingia, na kupiga kelele hakuiharakishi. Jujitsu ya umri wangu ni somo hilohilo. Kijana akikaliwa anarusharusha miguu, anachoka, anagonga. Mimi najilaza, nabana viwiko, navuta pumzi fupifupi, namsubiri aliye juu apate haraka yake. Mkono ukibanwa nagonga mapema, sisubiri kiwiko kinikumbushe. Dereva wa bodaboda mwenye hasira za abiria waliomkopa simkaribii mpaka amepoa. Goti likivimba nakaa pembeni na kuku.

Na juzi mpwa wangu alinikalia kifuani akijua kazi imekwisha. Nikamsubiri. Alipoinua kiuno kidogo ili ashike ukosi, nikageuka ubavu, nikasukuma kiuno changu nyuma, goti langu likapenya katikati yetu, kisha la pili, na mara tukajikuta tumekaa tunatazamana, yeye hayuko juu tena. Sikumshinda. Muda si mrefu nilikuwa nimeshalala chali upya, kobe aliyepinduliwa na watoto. Lakini kile kitambo cha kutazamana nilikipata mwenyewe, hakuna aliyeniazima wala atakayekuja kukidai.

Kwa hiyo natangaza masharti, na kijiwe kisikie. Magunia yenu nitabeba. Makaburi nitachimba, hata Newala nitapanda. Salfa leteni. Ila anayeutaka mgongo wangu asubuhi asiuhesabie miaka jioni. Jumanne na Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja, hata lori likija na mzigo wa kushusha, msinitafute kijiweni, msinipigie simu. Nipo kwa dada, chini ya mpwa wangu.