Shahada ya Vidudu

Waambie watu kijiweni kwamba unasomea shahada ya uzamili uone watakavyokupigia makofi. Kisha waambie ni ya elimu ya awali, uone makofi yanavyokatika kama umeme. Fundi wangu wa viatu pale Kilombero, mjini Arusha, aliacha sindano, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Ticha, kwani kuimbisha watoto cheti hakikutosha?" Mjomba naye alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba kijana wao anapata masta. Tangu alipojua ni masta ya nini, anasema tu "yuko chuo" halafu anauliza habari za ng'ombe.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya serikali kule juu, upande wa Meru, ambako mwezi wa saba ukungu unaingia darasani kabla ya wanafunzi. Sikulichagua darasa hili. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliagiza elimu ya awali iwe ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja. Mwaka 2016 ada zikaondolewa na watoto wakamiminika. Shule ikawapa chumba kilichobaki, ikawapa na mwalimu aliyebaki. Niliyebaki ni mimi. Wenzangu walidhani nimepewa adhabu, wakanifariji kwa soda. Kumbe nikawapenda wale watoto, na mapenzi ndiyo yaliyonifikisha chuoni.

Masomo yenyewe ni ya sisi tulio kazini, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa. Zamani mwalimu aliyetaka shahada aliomba ruhusa, akafunga sanduku, akapotea miaka. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kikatuzoesha kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha chaki. Jambo jema sana. Ila tangu hapo kila chuo kimegundua kwamba Jumamosi ya mwalimu ni shamba lisilo na mwenyewe.

Na Jumamosi, mwenye ratiba asiyeshuka mlimani hawezi kujua, ni siku ya soko Tengeru. Bodaboda zote zimebeba ndizi. Ukibahatika kuipata moja, unakaa juu ya mkungu, na kama ni Aprili unateremka na mkungu wako pamoja na tope. Barabara ya njia nne kutoka Tengeru hadi Sakina sina ugomvi nayo, ni safi. Ugomvi wangu ni na kile kipande cha kuifikia. Nafika darasani nimepakwa udongo hadi magotini, nikakaribishwe na mada ya siku: usafi wa mazingira ya kujifunzia.

Mada ya kwanza kabisa ilihusu kujifunza kwa michezo. Tulikaa saa tatu kwenye viti vya mbao huku mhadhiri akitusomea slaidi moja baada ya nyingine, na hakuna aliyecheza hata bao. Ikafika slaidi iliyosema mtoto asikalishwe muda mrefu akisikiliza maelezo. Akaifafanua kwa muda mrefu. Mwenzetu wa nyuma, mwalimu kutoka Monduli aliyeamka alfajiri kuwahi gari, alikuwa amelala fofofo. Sikumwamsha. Slaidi ya nyuma yake ilikuwa imetuambia kwamba usingizi wa mchana ni sehemu ya makuzi.

Halafu kuna wazee wenyewe wa nadharia. Jean Piaget, Mswisi, sehemu kubwa ya mambo aliyoandika kuhusu watoto wachanga aliyapata kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe: Jacqueline, Lucienne na Laurent. Watatu! Kwangu mimi watatu ni wale walioomba ruhusa ya kwenda chooni. Mwongozo wa serikali unasema mwalimu mmoja wa awali awe na watoto 25, nami kila nikihesabu 25 naishia mstari wa dirishani, chumba kingine chote hakijaguswa. Ningependa kumkaribisha Bwana Piaget aje amtazame mtoto mmoja kwa makini huku nyuma yake mwingine anakula chaki.

Aliyenishika moyo ni mama Mwitaliano, Maria Montessori. Nilipoambiwa nyumba yake ya kwanza ya watoto ilifunguliwa Januari 1907 huko Roma, kwenye mtaa wa makabwela wa San Lorenzo, ikiwa na watoto kama hamsini hivi, nikaweka kalamu chini. Huyu kazi aliijua. Sasa jina lake limepakwa rangi kwenye mageti ya shule za mjini ambazo ada yake unashauriwa uisome ukiwa umekaa.

Kazi ya muhula ikawa kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira. Mimi hizo nilikuwa natengeneza siku zote. Wenzetu wanaita ubunifu, sisi tunaita ukata. Watoto wangu wanahesabia vizibo vya bia na soda, na vizibo haviokotwi kanisani. Kwa hiyo jioni nikitoka kazini napita baa za Sanawari na kiroba. Wahudumu wamenizoea. "Ticha, leo shangilia, jana kulikuwa na mpira," wananiambia, wananimiminia ndoo nzima. Mzazi mmoja akaniona natoka baa na mzigo mgongoni unalia cheke cheke, akaufikisha ujumbe shuleni kabla yangu. Mwalimu Mkuu akafunga mlango wa ofisi. "Mwalimu, sema ukweli, unasoma au unakunywa?" Kiroba kile kile chuoni kikanipa alama ya juu, na maoni kwa kalamu nyekundu kwamba zana ni nzuri ila marejeo ni machache. Ningemrejelea nani, mhudumu wa kaunta?

Hayo yote navumilia. Lisilomezeka ni hili la zawadi. Kila anayenitakia mema ananiahidi kwamba nikimaliza nitaondolewa kwa wale watoto. Mwalimu Mkuu ameshasema: "Ukivaa joho hatuwezi kukuacha huko na vidudu. Darasa la saba linakuhitaji, lina mtihani." Rafiki yangu wa ofisini anasema darasa la saba ni dharau, nitafute meza halmashauri. Mke wangu, ambaye ndiye anayelipia nauli zangu, anauliza tu kama meza hiyo ina posho. Yaani nasomea watoto wa miaka mitano ili nistahili kutowaona tena. Daktari wa macho akiongeza elimu ya macho, sijasikia akihamishiwa magotini.

Sasa nimefika kwenye utafiti. Nilidhani hapa ndipo nitakapopumzika, maana nilichagua kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza hesabu kwa vizibo katika darasa langu mwenyewe. Mtoto atasema Kimeru nyumbani, atahesabu kwa Kiswahili darasani, nami nitamwandika kwa Kiingereza, sawa. Msimamizi wangu akaniuliza: "Kibali unacho?" Kibali cha nini, darasa ni langu, ufunguo wa kufuli ninao mfukoni. Akatabasamu tu.

Chuo kikaandika barua kwenda mkoani. Mkoa ukaandika kwenda halmashauri. Barua ikakaa mahali, nikaifuata, nikaambiwa mhusika yuko semina. Nikaifuata tena, nikaambiwa inasubiri mhuri. Mhuri ulipopatikana mhusika akarudi semina. Mwishowe halmashauri ikaiandikia shule ikiitaka inipokee na kunipa ushirikiano. Barua hiyo niliipeleka mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee anayepanda huko kila asubuhi.

Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akaisoma yote mpaka nakala, kisha akasimama na kunipa mkono. "Karibu sana shuleni kwetu," akasema, hata hacheki. "Taratibu zetu, mgeni asiingie darasani bila kuandikishwa." Akanisogezea kitabu cha wageni, mkaguzi akija akikute kimejazwa. Nikaandika jina, tarehe, madhumuni ya ziara. Kwenye safu ya "anakotoka" nikaandika: chumba cha pili, mkono wa kulia. Mlangoni walikuwa wameshafika wawili, mmoja analia, mwingine anamshitaki, na wote wanataka kujua mwalimu anakaa ofisini mpaka lini.