Waheshimiwa, Wakazi Tunawazibia Njia

Kwa Chama cha Kimataifa cha Kampuni za Meli za Utalii (CLIA),
Washington, Marekani.

YAH: USUMBUFU UNAOSABABISHWA NA WAKAZI WA VISIWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja, jirani kabisa na geti la bandari. Nawaandikia kuwaomba radhi kwa niaba ya watu wote waliozaliwa kwenye visiwa ambako meli zenu hutia nanga. Tumeishi humo miaka yote hiyo bila kuwauliza.

Habari iliyonizindua ilitoka Santorini, Ugiriki, Julai 2024. Siku moja tu meli zilitarajiwa kushusha watu zaidi ya 10,000 katika kisiwa chenye wakazi kama 15,000. Kiongozi mmoja wa huko akaandika mtandaoni kuwasihi wenyeji wapunguze kutoka nje kadiri wawezavyo. Ujumbe ule ulifutwa baada ya zogo, nami nikasikitika. Ni nadra kiongozi kutamka wazi nani mwenye kisiwa na nani mpita njia.

Sisi hatujafika huko, ila nia tunayo. Bandari yetu ya Malindi ni ya wote: kontena za mchele, boti za Dar, na nyinyi. Siku ya meli papasi wa watalii huamka kabla ya adhana, na teksi huota bei mpya usiku kucha. Wageni hushuka wakiwa wameshakunywa chai melini. Hutembezwa Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, hupiga picha milango iliyochongwa, hupelekwa mashamba ya viungo kunusa mdalasini, na jioni hurejea melini kula chakula walichokilipia kabla hawajaijua Unguja iko wapi. Safari yenyewe ya mashambani wengi wameinunua humo humo melini, kwa hiyo mwenye mdalasini hupokea kilichosalia baada ya wote waliomtangulia kumega chao. Muuza urojo hubaki na sufuria yake. Mnayaita haya manufaa kwa wenyeji, na mimi sibishi: kofia moja iliuzwa.

Hekima yenu niliiona nilipotazama Karibi. Tangu 1977 kampuni ya Norwegian inapeleka abiria kwenye kisiwa chake cha Great Stirrup Cay, Bahamas. Kampuni ya Royal Caribbean ina kisiwa cha CocoCay, na kule Haiti ilikuwa ikitia nanga kwenye ufukwe wa Labadee, uliozungushiwa uzio. Huko mgeni hakutani na mtoto anayekwenda chuoni wala mzee anayesukuma mkokoteni. Mwenye baa ni meli, mwenye kiti cha ufukweni ni meli. Januari 2010, siku chache baada ya tetemeko lililoua watu wengi mno Haiti, meli ilitia nanga Labadee na watu wakaota jua. Haki isemwe, ilishusha na msaada wa chakula. Lakini nimeuvulia kofia ule uzio, maana hata msiba ulishindwa kuuruka.

Nawasihi tu, msithubutu kuwauliza wakazi. Wa Key West, kisiwa cha Florida, waliulizwa Novemba 2020, wakapiga kura kwamba meli zinazochukua watu zaidi ya 1,300 zisishushe abiria kwao. Mwaka uliofuata jimbo likalazimika kutunga sheria ya kuifuta kura hiyo. Fikirini gharama ya karatasi!

Basi, waheshimiwa, nina ombi. Meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari 2024, huweza kubeba abiria 7,600 kwenye ghorofa 20. Abiria wakishuka kutujazia vichochoro, vyumba vinabaki vitupu na mabwawa ya kuogelea yanajipigia mawimbi peke yake. Kwa nini tusibadilishane? Wao wakishuka, sisi tupande. Tutazunguka kwa makundi nyuma ya mtu mwenye kibendera, tutawapiga picha wapishi wenu bila kuwaomba ruhusa, tutashangaa jinsi mabaharia wanavyotabasamu licha ya kazi nyingi, na tutanunua sumaku moja ya kubandika kwenye friji. Chakula tutakuja nacho. Ugiriki imeanza tangu Julai 2025 kuwatoza abiria wa meli yuro 20 kwa kichwa wakishuka Santorini msimu wa wageni wengi; tupangieni na sisi kiingilio, tutapatana.

Saa ya kushuka tutaizingatia, hilo msiwe na shaka. Tunakumbuka abiria wanane walioachwa São Tomé mwaka 2024 na meli ya Norwegian Dawn kwa sababu ya kuchelewa. Ila sisi tukichelewa mtatuchukua, na hapo mtakuwa na wakazi melini, jambo ambalo nadhani hamlitaki.

Naomba mnijulishe mapema kama mataulo yapo au tuje na kanga zetu.

Wenu katika ujenzi wa utalii,
Mkazi (kwa sasa), Malindi, Unguja.