Jeshi la Manila

Wanaocheza vita vya mezani kwa askari wa plastiki wananiudhi. Wao jeshi wananunua. Mimi jeshi langu nalikata kwa mkasi.

Vita nilivyochagua ni vya Tanga, Novemba 1914. Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akawasubiri na kama 1,000. Hata ukiamua kila kikaratasi kisimame badala ya watu 20, upande wa Mwingereza una vichwa 400 vya kuzungushia mkasi, kila kimoja na kilemba au kofia yake, na kila bega lina bunduki yenye singe.

Adha huanzia steshenari. Unampa kijana flashi, unamwambia, "Mdogo wangu, printi asilimia 100, mashine isibane ukurasa." "Usijali, mzee." Anabana. Faili limepangwa kwa karatasi ya Kimarekani yenye upana wa milimita 216, A4 yetu ina 210, basi askari wa milimita 28 anatoka na 27 na ushee, anasimama kando ya wenzake wa juzi kama mtoto aliyemsindikiza baba kazini. Ukilalamika unaulizwa, "Kwani si homuweki ya mtoto?"

Karatasi ya manila nayo ina visa. Nyepesi inalegea kwa unyevu wa Dar, nzito inapasuka ikikunjwa. Askari anachapwa mbele na mgongo, vichwa vikigusana. Unapitisha biki iliyoisha wino kwenye mstari wa katikati, unakunja, unapaka gundi. Gundi ikiwa ya maji mno, rangi ya sare inahamia usoni. Mkunjo ukienda upande milimita moja tu, mtu anapata mikono mitatu. Bado hujapitisha maka peni kwenye kingo zisionekane nyeupe.

Na feni usiwashe! Nawabandika wanne wanne kwenye kipande cha boksi, chini naweka sarafu ya shilingi 50 wasipeperuke. Vikosi 100 vya Mwingereza, shilingi 5,000. Mama watoto anasema hilo ndilo jeshi pekee analolijua linalolipwa kabla ya vita.

Tanga kulikuwa na nyuki pia, waliouma pande zote mbili bila kubagua. Nyuki sikati. Nyuki ni pilipili manga, na pilipili manga zinatoka jikoni, ambako nina kesi nyingine.

Sasa Jumamosi anakuja shemeji, ameoga, ameshiba, anakaa moja kwa moja upande wa Lettow-Vorbeck. Kila mara! Vikaratasi 50, tena nimemkatia mimi. Na historia iko naye: tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha bunduki na risasi zao ufukweni. Kwa hiyo nakata wiki nzima ili nishindwe kabla ya chai ya jioni.

Shemeji, kama unasoma hapa: kuanzia mwezi ujao, anayetaka kuwa Mjerumani ndiye atakayewakata Waingereza. Gundi nitatoa mimi.