Dua Kutoka Kabati la Chini ya Ngazi

Mama mkwe wangu halali mpaka azime kila swichi ya ukutani. Huko kwake Tudor, Mombasa, umeme hununuliwa kwa tokeni, na soketi iliyoachwa wazi usiku ni ugomvi. Alipokuja kukaa nasi Barking, mashariki ya London, akakuta soketi ni zile zile za kwao, pini tatu na swichi pembeni, basi akaendelea na kazi: jikoni, sebuleni, hadi kabati la chini ya ngazi. Na humo kabatini, baina ya fagio na masanduku ya safari, baba watoto alikuwa ameweka hesabu za chama kizima.

Chama chetu ni cha maziko. Watu wa pwani tulioko huku twachanga kila mwezi, akifariki mmoja wetu pesa ziwe tayari, azikwe huku au arudishwe kwao. Hesabu zilikuwa katika daftari la mweka hazina, mwandiko hausomeki. Baba watoto akajitolea kuandika programu, akishirikiana na mdogo wake aliyeko Mombasa. Wawili wakiandika programu moja wanahitaji ghala linaloweka kila badiliko, nani kalifanya na lini, na kazi hiyo huifanya Git, aliyoibuni Linus Torvalds mwaka 2005. Wengi hukodi ghala hilo kwa kampuni za Marekani kama GitHub. Wazee wa chama walikataa katakata: majina yao na madeni yao yakae kwa mtu wanayemjua anapoishi. Ndipo ikanunuliwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ikaingia kabatini pamoja na ruta.

Shemeji angeingia humo kwa SSH, njia aliyoibuni Mfini aitwaye Tatu Ylönen (mwanamume, msidanganywe na jina) mwaka 1995, baada ya paswedi kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake. Kila kipitacho humo hufumbwa. Baba watoto akafungua mlango nambari 22 kwenye ruta, akaweka paswedi, akalala kwa raha zake. Jioni ya pili alitusomea mezani orodha ya waliojaribu kuingia: root, admin, test, oracle, na wengine wengi.

Mama mkwe akaacha tonge mkononi. “Hao kina Oracle ni nani, na kwa nini wapiga hodi usiku?”

“Ni mashine, mama. Zazunguka dunia nzima zikijaribu milango.”

“Na huo mlango mumeufungulia nini?”

Bado nangoja jibu la swali hilo.

Paswedi zikapigwa marufuku, zikaja funguo. Baba watoto alitufundisha usiku kucha, na nakiri alifundisha vizuri. Kompyuta hutengeneza jozi ya mafaili. Moja ni kama kufuli: waweza kumpa yeyote alitie mlangoni kwake. La pili ndilo ufunguo, nalo halitoki kwenye kompyuta ya mwenyewe. Ukibisha hodi, mashine ya upande wa pili hutaka sahihi ambayo ni ufunguo huo tu uwezao kuitia. Sahihi husafiri, ufunguo hubaki. Akatuongezea kwamba hisabati ya namna hii aliivumbua Mwingereza Clifford Cocks mwaka 1973, akiwa mtumishi wa shirika la ujasusi la GCHQ, na serikali ikanyamaza hadi 1997. “Watu wa Mombasa,” akasema akimtazama mama yake, “hamngeweza hata wiki.”

Nikamkumbusha kwamba mwaka 1942 Waingereza hao hao walihamishia wavunja-siri wao Kilindini, wakakaa katika shule ya Allidina Visram wakifumbua simu za meli za Wajapani. Mombasa ilinyamaza vizuri tu.

Matatizo ya mwanzo yalikuwa ya swichi. Shemeji alikaa kazini saa tatu asubuhi, nasi huku, majira ya baridi, ni saa kumi na mbili na kabati limezimwa. Likiwashwa, ruta ilirudi na anwani mpya, shemeji akaanza kuitafuta nyumba upya. Hilo lilitibiwa kwa kuipa nyumba jina linalofuata anwani kila ihamapo. Mama mkwe naye alibandikiwa karatasi: USIZIME.

Kisha baba watoto, aliyetufundisha kwamba ufunguo hausafiri, akaona mdogo wake hataweza kujitengenezea. Akatengeneza jozi yeye mwenyewe. Alipoulizwa neno la siri la kuulinda ufunguo akabonyeza Enter, kama wafanyavyo wengi. Kufuli akalitia mlangoni, na alfajiri, macho yamejaa usingizi, akamtumia mdogo wake ufunguo kwa WhatsApp, na jina la nyumba chini yake. Akautuma kwenye grupu la ukoo.

Mistari ya herufi zisizosomeka. Shangazi wa Muscat, ambaye huwahi kila ujumbe, akajibu: “Amin, amin, ya Rabbi.” Binamu akauliza kama ni za bahati nasibu. Mjomba, kwa kuwa alimwamini shangazi, akaisambaza dua hiyo kwenye grupu la msikiti.

Baba watoto aliziona amin hizo akitoka stesheni ya Tower Hill. Simu ikalia. Nifungue kompyuta, nitafute faili la authorized_keys, nifute mstari wa mwisho, upesi! Mtoto alitakiwa shule, uji wafurika, na mimi sijui mstari wa mwisho ni upi. Mama mkwe akauliza kuna nini. Nikamwambia: wale wapiga hodi sasa wana ufunguo.

Aliingia kabatini, akabandua ile karatasi, akazima.

Hiyo ndiyo hatua pekee ya usalama iliyofanikiwa asubuhi ile. Jioni mstari ulifutwa, na ufunguo uliozunguka Muscat ukawa haufungui kitu. Kumfariji, nilimwambia hata GitHub, yenye wataalamu wa kila aina, mnamo Machi 2023 ililazimika kubadili ufunguo wake mmoja uliokuwa umeonekana hadharani kwa muda mfupi. Hakufarijika.

Shemeji alijitengenezea jozi yake kwa dakika chache, akatia na neno la siri. Kwa hiyo msomaji, nawe ukiombwa “tuma ufunguo wako,” tuma lile faili linaloishia na .pub, hata kama Windows itakuambia ni la Publisher. Lile lingine usimpe mtu, hasa kaka mkubwa.