Jua la Ijumaa Bandarini

Upare Kusini siku huisha jua linapotua. Wamisionari wa Kijerumani, Ehlers na Enns, walipofika Giti mwaka 1903 na kuanzisha kazi ya Waadventista Wasabato nchini, walileta hesabu hiyo ya siku, nayo imekaa milimani hadi leo. Kwetu Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, Ijumaa alasiri moshi hufuka kila jiko, kwa kuwa Sabato ikishafunguliwa hakuna kupika, kununua wala kuuza. Mama mkwe wangu, tunayemwita Bibi, amezaliwa ndani ya utaratibu huo, akalea wanawe ndani yake, nami mkamwana nikaukuta umesimama imara. Kwa hiyo safari yetu ya Unguja, likizo ya Julai, tuliipanga kwa kutazama jua.

Mpango ulikuwa mzuri. Alhamisi tulale Dar es Salaam kwa shemeji, Ijumaa tupande boti ya mchana, tufike mapema kwa mdogo wangu anayefundisha Unguja. “Msihangaike na chakula cha jioni, dada,” aliniambia kwenye simu. “Majiko ya bustani ya Forodhani yakiwashwa tu tutakula, na jua litue tukiwa nyumbani.” Chakula cha Sabato yenyewe Bibi alikipika kwa shemeji usiku: sufuria kubwa ya makande, mahindi na maharage ya Chome, ikafungwa kwa khanga na kuwekwa kikapuni.

Langoni bandarini wakataka vitambulisho. Cha Bibi hakikuonekana. Tulipekua pochi, mfuko wa sweta, hata kitambaa cha kichwani. Mwisho akakumbuka: kimo ndani ya Biblia, kwenye Zaburi ya 107, ile inayowazungumzia wasafiri wa baharini. Na Biblia? Chini kabisa ya kikapu, chini ya makande.

Baba watoto alianza kupandisha sauti. Bibi akamjibu taratibu kwamba Julai 18, 2012, boti Skagit ilipozama karibu na Chumbe ikitoka hapahapa Dar, alikuwa ameketi karibu na redio, akasikia habari za maiti zisizotambuliwa. “Nimekiweka ndani ya Biblia ili wakinikuta wajue mimi ni nani, na wajue nilikuwa nasoma nini.” Mume wangu alinyamaza, akainama kufungua khanga. Hofu hiyo Bibi alikuwa ameibeba peke yake toka milimani, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza. Boti ya mchana ikaondoka tukiitazama.

Tukapata nafasi kwenye boti ya saa kumi. Julai ni msimu wa Kusi, na mkondo kati ya Dar na Unguja haukuwa na huruma. Kabla ya nusu ya njia mifuko ya plastiki ilikuwa ikipita mkono kwa mkono, na binti yetu mkubwa, aliyekuwa ametamba kwa wenzake juma zima, alikuwa amelala miguuni pangu. Bibi alikaa wima. Alitoa tangawizi mbichi mkobani, ya Mamba Miamba, anayoletewa na dada yake, akaikata vipande kwa kisu kidogo na kuanza kuwagawia abiria safu kwa safu. “Tafuna, mwanangu. Usimeze upesi.” Wengi walitulia. Mzee mmoja mwenye kanzu alimwombea dua ya maisha marefu.

Hapo ndipo wimbi kubwa likaja. Kikapu kilichokuwa chini ya kiti kikapinduka, kifuniko kikaruka, na makande ya Sabato yakamwagika katikati ya njia. Maharage yaliviringika kushoto boti ilipolala kushoto, yakarudi kulia ilipolala kulia, huku wanangu wakiyafuata kwa magoti. Hatukuokoa hata bakuli moja.

Tulishuka bandari ya Malindi jua likikaribia maji. Mdogo wangu alitupokea kwa furaha, na bila kujua yaliyotupata akatushika mikono: Forodhani ni mwendo mfupi kwa miguu, taa zinawaka, twendeni. Tukaenda, maana hatukuwa na la kusema. Harufu ya mishikaki ilitufikia kabla hatujaona majiko. Watoto hawakuwa wametia kitu tumboni tangu mchana. Bibi akasimama kwenye ukuta wa bahari, akalitazama jua likizama lote, akasema, “Sabato imeingia. Tutafungua kwa wimbo nyumbani.”

Mume wangu alinivuta pembeni. Alisema watoto wana njaa, mama ni mtu mzima ataelewa, tununue mishikaki michache. Nilikataa. Mwanamke aliyevuka bahari kwa hofu kama ile ili kutufurahisha asivunjiwe jambo analolishika kuliko yote, tena mbele ya wajukuu wake. Kitinda mimba wetu alilia kutoka Forodhani hadi kwenye gari.

Kwa mdogo wangu jiko lilikuwa baridi. Tuliimba kutoka Nyimbo za Kristo, tukasali, tukagawana ndizi mbivu zilizobaki. Hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa jirani, mama wa makamo, na sinia: mkate wa kumimina na mchuzi wa samaki wa nazi. “Nimesikia mna wageni wa bara, na sauti ya mtoto nimeisikia pia,” alisema. Akamwamkia Bibi kwa shikamoo ndefu yenye adabu. Bibi aliitikia, akashukuru, kisha akauliza lililokuwa moyoni: samaki huyu ana magamba? “Changu huyu, bi mkubwa. Magamba yake yananichubua mikono.” Bibi akanawa. Kisichonunuliwa, chenye mapezi na magamba, kilikuwa halali kwake pande zote.

Jumamosi jioni tulirudi Forodhani mapema, tukafungia Sabato palepale kwenye benchi, kwa sala ya sauti ndogo. Na hapa niseme jambo lililonigusa. Adhana ya magharibi ilikuwa ikitoka misikitini wakati uleule Bibi aliposema amina. Wachoma nyama waliokuwa wamekwenda kuswali wakarudi kwenye makaa yao, nasi tukafungua pochi. Bustani hii ilitengenezwa miaka ya 1930, ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009 kwa fedha za Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Mbele yake Ngome Kongwe bado imesimama. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, ilibomoka sehemu Desemba 2020. Vijana hujirusha baharini kutoka ukutani hadi giza liingie. Tulikula kachori, muhogo, urojo, na Zanzibar pizza inayokunjwa na kima na yai mbele ya macho yako.

Katika pilikapilika hizo kitinda mimba alipokea mshikaki kutoka meza ya jirani. “Unakula nini, mjukuu wangu?” “Nyama ngumu kama mpira, Bibi.” Bibi akaishika ile njiti, akaisogeza kwenye taa, akaona vile viduara vya mkono wa pweza. Mambo ya Walawi, sura ya 11, haina nafasi ya pweza. Mume wangu akasema ni kipande kidogo tu. “Kidogo kwako,” Bibi akamjibu, naye hakuongeza neno. Kisha akampangusa mtoto midomo kwa ncha ya khanga: “Hakujua. Asiyejua haadhibiwi, hufundishwa.” Akampeleka kwa muuza juisi ya miwa asukutue.

Muuza juisi alikuwa akikunja mua na ndimu na tangawizi na kuupitisha kwenye mashine. Bibi alionja, akatikisa kichwa, akatoa tangawizi yake. “Weka hii, mwanangu.” Yule kijana aliitazama, akainusa, akaiosha, akaikunja ndani ya mua. Kilichotoka kiliwasha koo hadi masikioni. Akauliza inatoka wapi, Bibi akamtajia Mamba Miamba, Wilaya ya Same, na namna ya kuihifadhi ardhini isinyauke. Walizungumza tangawizi hadi foleni ikalalamika. Glasi ya pili kijana alikataa kulipwa.

Wewe unayemleta mzazi wako kutoka milimani, muulize kwanza anaogopa nini kuhusu bahari, na umsikilize hadi amalize. Mpandishe boti ya asubuhi. Miezi ya Kusi usitegemee ya jioni. Kitambulisho kikae mfukoni mwako. Na Forodhani, kabla mkono wa mtoto haujapokea mshikaki, uliza bei, kisha uliza ni nyama ya nini.